Plato Hakuwepo

Siku Socrates alipokunywa sumu gerezani Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo, mwanafunzi wake aliyekuja kuvuma kuliko wote hakuwepo. Tunalijua hilo kwa sababu mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyeliandika. Katika kitabu kiitwacho Phaedo, Plato anawataja kwa majina watu waliokaa na yule mzee wa miaka sabini mpaka jua likakaribia kuzama: Crito, rafiki yake wa tangu zamani, Apollodorus, aliyelia kutwa nzima, Simmias na Cebes, vijana kutoka Thebes, na wengine. Katikati ya majina hayo anapenyeza kisentensi, kwamba Plato, kwa kadiri msimulizi anavyokumbuka, alikuwa mgonjwa. Kisha orodha inaendelea.

Wasomi wameandika mengi juu ya kisentensi kile. Wako wanaosema ni ujanja wa mwandishi, anatuonya tusidhani kila neno lilisemwa kama alivyoliandika. Mimi nakisoma kama mtu aliyelelewa katika nyumba yenye msiba usiokwisha, na humo naona jambo ambalo sisi wa pwani ya Rumonge, Burundi, tunalijua sana. Asiyekuwepo ndiye anayeuliza. Hamwachii aliyekuwepo: alisema nini? Alikaa vipi? Alikula? Alimtaja nani? Na Phaedo imejaa majibu ya maswali ya namna hiyo. Tunaambiwa jinsi Socrates alivyoketi kitandani akausugua mguu uliokuwa umefunguliwa pingu asubuhi ile. Tunaambiwa alivyozishika nywele za Phaedo, msimulizi ambaye kitabu kina jina lake, akazichezea, kama alivyozoea. Hoja za kutokufa kwa roho zinasimama bila nywele za Phaedo. Aliyeziweka pale ni mtu aliyekuwa akiokota kila chembe ya siku iliyompita.

Baada ya hapo Plato aliishi karibu miaka hamsini, na karibu katika kila alichoandika mwalimu wake yumo, anauliza, anabisha, anacheka. Akaanzisha Academy, Aristotle akakaa humo miaka ishirini, na kutoka kwa hao wawili mto wote mkubwa ukatiririka. Kabla yao walikuwepo wenye hekima, lakini vitabu vyao vimetufikia vipande vipande. Kwa hiyo nasema, na ninalisema kwa heshima, kwamba sehemu kubwa ya falsafa ya Magharibi ilianza kuandikwa matangani.

Rumonge iko kilomita sabini na ushee kusini mwa Bujumbura, barabara imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Ni mji wa mawese na ndagala, na ni mji wa Kiswahili, maana watu wa Ujiji na wa Kongo wamefanya biashara hapa vizazi na vizazi. Usiku wa giza, mashua za apolo huwasha taa kuwaita ndagala juu; mwezi ukipevuka wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mchana ni zamu ya chikichi. Zinachemshwa kwenye mapipa mpaka zilainike, zinamiminwa katika mtambo wa kukamulia, vijana wanausukuma mti wa mtambo wakizunguka, na uji mwekundu mzito unachuruzika. Uji huo hurudishwa motoni mpaka mafuta yapande juu, ndipo mama mwenye bakuli anayaengua taratibu, bila kugusa maji ya chini. Makapi yanakaushwa yawe kuni za kuchemshia mzigo unaofuata. Kando ya mitambo hiyo ndiko nilikosikia, nikiwa mdogo, majina ya watu yakitajwa kwa sauti ya chini halafu mazungumzo yakageuzwa.

Jumamosi tarehe 29 Aprili 1972, jioni, vikundi vya waasi wa Kihutu vilishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini. Waliua watu wengi, hasa Watutsi: watumishi wa serikali na familia zao, watoto wamo. Yalikuwa mauaji ya kinyama, na waliofiwa siku zile wana haki ya machozi sawa na sisi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa jambo ambalo halikuwa tena kuzima uasi. Kwa miezi kadhaa, nchi nzima, Wahutu waliosoma walitafutwa kwa majina: walimu, makarani, wauguzi, mapadri, wafanyabiashara, wanafunzi wa chuo kikuu, hata watoto wa sekondari waliotolewa darasani. Makadirio ya waliouawa huanzia laki moja na kufika laki tatu. Warundi tunaiita Ikiza. Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitamka kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu.

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu. Alikuwa amepita seminari kubwa, akamaliza masomo ya falsafa, akaacha kabla ya teolojia kwa sababu alitaka kuoa. Aliitwa kwenda kutoa maelezo, akavaa koti, akaenda. Bibi, mama yake, alisubiri, kisha usiku mmoja akavitia moto vitabu na madaftari yake, maana katika majuma yale kitabu ndani ya nyumba kilikuwa ushahidi. Nimeshakutana na watu wengi wa umri wangu ambao bibi zao walifanya vilevile. Baadaye zikaja familia zilizokataa kupeleka watoto shule, zikihesabu kwamba aliyejua kusoma ndiye aliyepotea.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati ya msiba wa Athens na wetu. Athens ilimuua mwalimu mmoja kwa hukumu ya wazi, ikawaacha wanafunzi wake wakiwa hai, wenye uchungu na wenye wino. Kwetu alichukuliwa mwalimu, akachukuliwa na mwanafunzi aliyetazamiwa kumwandika, na yule ambaye angemfundisha huyo kuandika alikuwa tayari ndani ya lori. Waliosalia wakachoma madaftari kwa mikono yao ili wengine wasalie. Tunapohesabu hasara ya Ikiza tunahesabu watu, na ni haki. Lakini kuna hasara nyingine isiyohesabika kabisa: mawazo ambayo watu wale wangeyafikiri. Nyumba iliyobomolewa huacha msingi. Wazo lisilofikiriwa haliachi hata alama ya kukuonyesha ulie wapi.

Na falsafa haikuwa ngeni kwenye pwani hii. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, walitoka Bagamoyo mwaka 1878, wakafika Ujiji Januari 1879, na mwaka huohuo wakafungua misheni Rumonge, ya kwanza katika ardhi ya Burundi. Agosti ya mwaka uleule Papa Leo XIII alitoa waraka wa kuagiza kwamba shule za Kikatoliki zirudi kwenye mafundisho ya Thomas Aquinas, na kupitia kwake kwa Aristotle. Misheni ya Rumonge haikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati ya wamisionari wake waliuawa hapahapa, ikafungwa. Lakini Mapadri walirudi nchini kwa njia nyingine mwishoni mwa karne, na seminari zilipofunguliwa katika Rwanda na Burundi, vijana waliochunga ng'ombe wa baba zao walijifunza kwa Kilatini tofauti ya kuwepo na kuwa kitu fulani.

Huwa nakumbuka pia kwamba Algiers, walikotoka Mapadri wale, haiko mbali sana na Thagaste, alikozaliwa Augustine mwaka 354. Mwafrika huyo ameandika kurasa za msiba ambazo sijaona zinazozidi. Alifiwa na rafiki wa ujana wake, na anaeleza jinsi mji wa kwao ulivyogeuka mateso: kila mahali walipokuwa wakipita wawili palimtesa kwa kutokuwa na yule mwingine. Akauhama mji. Alikufa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, mji wake umezingirwa na Wavandali. Kwa hiyo hata hicho tunachokiita cha Magharibi, sehemu yake ilisafiri kutoka Afrika kwenda Afrika, ikizunguka Roma na Paris njiani. Na haikupita kanisani peke yake. Waislamu wa Rumonge wana haki juu ya urithi huo: Aristotle alifika Paris baada ya kusomwa na kufafanuliwa kwa Kiarabu, na mfafanuzi mkubwa kuliko wote, Ibn Rushd, alikuwa kadhi wa Cordoba. Nitarudi kwake.

Katika eneo letu watu waliouchukua urithi huo wakaugeuza kuwa wao hawakuwa wachache. Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji katika Katanga, jimbo lililogusa wakati huo ziwa hilihili, alichapisha kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Kwa mara ya kwanza Wazungu wengi walisikia kwamba Mwafrika ana fikra zenye mpango. Kwa bahati mbaya walisikia kutoka kwa Mbelgiji, na kama kwamba kijiji kizima kinafikiri wazo moja. Padri Alexis Kagame wa Rwanda akalichukua swali hilo kwa uzito zaidi, akatetea tasnifu yake Roma mwaka 1955 akipima vigawanyo vya Aristotle kwa lugha yake mwenyewe. Na Burundi ilikuwa na Padri Michel Kayoya.

Kayoya alizaliwa mwaka 1934. Alisoma seminari, akaenda Ufaransa, Lille, akarudi na kuandika vitabu viwili kwa Kifaransa ambavyo ni nusu tafakari, nusu ushairi. Kimoja kinafuata nyayo za baba yake: Mrundi wa kijijini asiyejua kusoma anawekwa mezani pamoja na Marx na wenye fikra wa Ulaya, na mwana anauliza kwa unyofu nani kati yao anajua zaidi utu ni nini. Hamdharau yeyote. Anawasoma Wazungu kwa njaa ya kweli, halafu anarudi kwa mzee wake na kugundua kwamba maswali mengine mzee alikuwa ameshayajibu kwa jinsi alivyoishi na jirani. Tarehe 17 Mei 1972 Padri Kayoya aliuawa Gitega pamoja na wengine wengi. Alikuwa hajafikisha miaka arobaini. Mwaka uliofuata kitabu chake cha nyayo kilitoka Nairobi kwa Kiingereza. Kant alikuwa na miaka hamsini na saba alipochapisha kitabu kilichomfanya awe Kant. Nikifikiri hivyo, najizuia kuendelea, kwa sababu hasira haina kikomo.

Falsafa yenyewe ilijaribu mapema kuwafariji wafiwa, na jambo linaloniuma ni kwamba vitabu vyake vya faraja vilipotea. Aristotle alipofiwa na rafiki yake Eudemus, aliyeuawa vitani Syracuse, aliandika mazungumzo juu ya roho na kuyapa jina la marehemu. Yamepotea. Crantor wa Academy aliandika kitabu juu ya huzuni ambacho watu wa kale walikisifu kama dhahabu. Kimepotea. Cicero alifiwa na binti yake Tullia mwaka 45 kabla ya Kristo, akajifungia akaandika kitabu cha kujifariji mwenyewe. Nacho kimepotea. Tunavijua kwa sababu wengine walivitaja. Dunia ya wasomi imejenga karne nyingi za kazi juu ya vipande vya vitabu vilivyotajwa na wengine, na haioni aibu kuviita falsafa. Sisi nasi tuna vipande: sentensi ya mwalimu aliyopenda kuirudia, fumbo alilowapa watoto, ubishi aliokuwa nao na padri fulani juu ya uhuru wa mtu. Sioni kwa nini vya kwetu viitwe kumbukumbu za familia tu.

Katika faraja hizo za kale kulikuwa na ugomvi mkubwa, nami nina upande. Wastoa walisema huzuni ni kosa la hukumu: unalia kwa sababu umekiona kuwa chako kitu ambacho hakikuwa chako. Epictetus, aliyekuwa mtumwa, alifundisha kwamba unapombusu mtoto wako ujikumbushe kuwa unambusu mtu wa kufa. Najua watu Rumonge waliookolewa na ukali wa namna hiyo, hata kama hawajalisikia jina la Epictetus. Mama aliyebaki na watoto sita mwaka 1972, anaitwa mke wa msaliti, mali imechukuliwa, hakuwa na nafasi ya kulia. Aliukaza moyo akalima. Siwezi kumhukumu. Lakini Crantor aliwajibu Wastoa kwamba kutosikia maumivu kabisa kuna bei, na bei yake ni unyama katika roho na ubutu katika mwili. Kiungo kikikatwa, afadhali kiume. Naamini alikuwa sahihi, na naamini nchi yetu imelipa bei hiyo kwa miaka zaidi ya hamsini.

Maana hapa kulikuwa na amri ya kutoumia. Waliouawa waliitwa abamenja, wasaliti, na kumlilia msaliti ni kujitangaza. Kwa desturi ya Kirundi msiba una hatua zake: mazishi, kisha siku za mwanzo, kisha baada ya muda familia na majirani hukutana kwa kuganduka, wanauvua msiba rasmi, madeni ya marehemu yanatajwa, mjane anaambiwa sasa anaweza kurudi katika maisha. Bila mwili, bila tarehe, bila ruhusa ya kutaja jina, unauvuaje msiba ambao hukuruhusiwa kuuvaa? John Mbiti, Mkenya, aliandika mwaka 1969 kwamba aliyekufa hubaki karibu nasi, katika wakati wa sasa, kwa kadiri anavyokumbukwa kwa jina na waliomjua. Wa mwisho kati yao akiondoka, ndipo anapozama katika zamani. Wenzake walimpinga kwa mengi kuhusu nadharia yake ya wakati, na huenda walikuwa na haki. Lakini kwa 1972 ameona sawasawa. Kimya kiliwasukuma watu wetu zamani kabla ya saa yao, huku mama zao wakiwa hai.

Juu ya kuzika, aliyenisaidia kuliko wote ni mtu ambaye singependa anisaidie. Hegel, katika kitabu chake cha mwaka 1807, anamfikiria Antigone, yule dada katika tamthilia ya Sophocles aliyemzika kaka yake kinyume cha amri ya mtawala. Anasema kifo peke yake ni jambo linalompata mtu, kama mvua inavyompata. Familia ikimzika, inaligeuza kuwa tendo lake yenyewe. Inamtoa marehemu mikononi mwa ndege na mbwa, inamrudisha katika jamii kama mtu. Na anaona kwamba uhusiano wa dada na kaka una uzito wa pekee, kwa kuwa kaka aliyepotea hapatikani mwingine. Huyuhuyu Hegel, miaka kadhaa baadaye, akifundisha Berlin, aliwaambia wanafunzi wake kwamba Afrika haina historia. Nimesoma yote mawili. La pili ni uongo wenye madhara makubwa. La kwanza nalihitaji, na sitaliacha kwa sababu ya hilo la pili.

Nalihitaji kwa sababu ya kaburi. Februari 2020 Tume ilifukua makaburi ya halaiki mkoani Karuzi na kupata mabaki ya watu zaidi ya elfu sita. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, kwa miwani, kwa rozari zilizokuwa bado kwenye mifupa. Shangazi yangu, dada wa baba mdogo, aliposikia habari hizo redioni aliuliza kama kuna makoti.

Shangazi sasa ni mzee wa miaka themanini kasoro. Hakuenda shule zaidi ya madarasa ya mwanzo ya misheni. Kwa muda mrefu nilidhani kazi yangu kwake ni kumuuliza yaliyotokea. Aliyenifungua macho ni Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye kuanzia miaka ya 1970 alikwenda kwa wazee wa vijijini Kenya akiwauliza wanafikiri nini, siyo tu mila zinasemaje. Aliwabishia, wakambishia, akawaandika kwa majina yao kama watu wenye fikra zao. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: Socrates naye hakuandika. Oruka alikufa mwaka 1995 na kazi ile bado haijapata warithi wa kutosha, hasa huku kwetu, ambako tume na watafiti wanawauliza wazee wa Ikiza tarehe, majina na mahali pa mashimo, kisha wanafunga daftari. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1972 amepita sabini.

Kwa hiyo nilianza kumsomea shangazi Phaedo, nikiitafsiri kwa Kiswahili na Kirundi kadiri nilivyoweza, jioni, uani, huku akichambua ndagala.

Alinisimamisha karibu na mwanzo. Marafiki wanapoingia gerezani wanamkuta Xanthippe, mke wa Socrates, ameketi na mtoto mikononi. Anapowaona anapaza sauti kwamba ndiyo mara ya mwisho mumewe kuzungumza na rafiki zake. Socrates anamgeukia Crito, anaomba mtu ampeleke nyumbani. Anaondolewa akilia na kujipiga. Jioni wanawake wa nyumbani wanaletwa kidogo kuaga, wanaondolewa tena. Shangazi aliomba nimsomee maneno ya Xanthippe mara ya pili. Kisha akasema, "Huyo mwanamke ndiye aliyesema ukweli, mwanangu. Wengine walikaa kutwa nzima wakizungumza ili wasiusikie." Nikamwambia kwamba mwishoni wanaume nao walishindwa: Phaedo alijifunika uso akalia, Apollodorus akapiga ukelele, Socrates akawakaripia kwamba aliwaondoa wanawake ili kuepuka kelele hizo hizo. Hakushangaa. Alitaka kujua kama kuna aliyekwenda baadaye kwa Xanthippe kumuuliza mumewe alikuwa akisema nini usiku, nyumbani. Hatuna kitabu hicho. Ukurasa wa kwanza kabisa wa msiba huu mkubwa una mtu aliyetolewa nje na mawazo yake.

Shangazi alimpenda Cebes. Ni yule kijana anayembishia Socrates kwa mfano wa mfumaji mzee: mfumaji amevaa na kuchakaza nguo nyingi alizozifuma, lakini ile ya mwisho inabaki yeye akiwa amekufa, vivyo hivyo roho yaweza kuchakaza miili mingi na bado ikaisha kabla ya mwili wa mwisho. Hakumpenda Epicurus, ambaye hayumo katika kitabu hicho. Nilimweleza hoja yake, kwamba kifo si kitu kwetu, maana kikiwapo sisi hatupo. "Hiyo inamhusu anayekufa," alisema. "Mimi nauliza habari za aliyebaki."

Tulipofika kwenye hoja za kutokufa aliweka ungo chini. Hakuwa na shaka kwamba roho haifi. Ni Mkatoliki wa tangu utoto. Swali lake lilikuwa jingine. Alisema: ikiwa roho ya kaka yake ipo, lakini haijui kwamba wanamtafuta, haimkumbuki mama yake, haina sauti ile wala ubishi ule, basi hiyo ni roho ya nani? Hao wazee wa kitabu wamethibitisha kwamba kuna kitu kinabaki. Hawajathibitisha kwamba anayebaki ni yeye.

Nilinyamaza muda mrefu, kwa sababu swali hilo liliwagawanya wasomi wa Paris. Ibn Rushd, aliyekufa Marrakesh mwaka 1198 baada ya kuona vitabu vyake vikichomwa, alifundisha kwamba akili inayofikiri ndani ya watu wote ni moja, nayo haifi. Cha mtu mmoja mmoja huisha naye. Ufafanuzi mrefu ambamo alieleza jambo hilo umepotea katika Kiarabu, tunao kwa Kilatini. Mwaka 1270 Thomas Aquinas aliandika kumpinga, na silaha yake ilikuwa sentensi ya kawaida sana: ni mtu huyu anayefikiri, huyu hapa. Mahali pengine Thomas anakwenda mbali zaidi na kusema kwamba roho peke yake siyo mtu; roho yangu ikiokolewa bila mwili, mimi bado sijaokolewa. Hayo yalifundishwa seminarini. Baba mdogo aliyasoma, na pengine yalikuwa katika moja ya madaftari yale.

Nilimweleza shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kaka yake alikubaliana na huyo Thomas. Nikasema sijui, hakuna maandishi.

"Angekataa," alisema. "Yule hakuwa anakubali kitu siku ya kwanza. Kesho yake angerudi na kusema: sawa, mtu ni mwili na roho pamoja, basi walioutupa mwili bila jina hawakuua tu, wamemshika mtu mpaka leo, na sala peke yake haimtoi. Mnieleze mnanitoaje." Akaniangalia kama ninaandika. "Yaandike hayo. Weka jina lake."

Tumebakiza kurasa chache. Anasema tukimaliza tuanze tena, na safari hii nisiruke ninapoona pagumu.